Mapambo ya Noeli Katika Nchi ya Miombo

Mwezi wa Desemba katika nchi ya Mpanda ni mwezi wa majani. Mvua zianzazo Novemba zimekwisha kuilainisha ardhi, na mwitu wa miombo, uliokuwa mkavu na kuunguzwa na moto wakati wa kiangazi, sasa wote ni kijani, toka Inyonga mpaka Karema ufukoni mwa ziwa Tanganyika, pale ambapo Mapadre Weupe walikabidhiwa boma la Wabelgiji mwaka 1885 wakalifanya misheni. Jambo hili yafaa likumbukwe na kila atakaye kupamba nyumba au kanisa, maana baadhi ya desturi za mapambo ya Noeli zimetoka katika nchi zisizofanana na hii hata kidogo.

Huko Ujerumani, ambako desturi ya mti wa Noeli ilianza zaidi ya miaka 400 iliyopita, Desemba ni wakati wa baridi kali. Miti mingi imepukutisha majani, imebaki mifupa mitupu. Msonobari na jamaa zake haipukutishi. Basi watu walikata mmoja wakauingiza nyumbani, ili macho yapate kuona kitu kibichi. Yaani, walileta ndani kile kilichopungua nje. Katika Katavi hakikupungua. Mtoto akichukua panga akaangusha mche wa mninga ili ausimamishe chumbani siku tatu, ameua mti ambao ungalipewa miaka mingi ungalitoa mbao. Tawi la mwembe lililopunguzwa kwa sababu lilizuia njia, au majani ya mgomba uliokwisha kukatwa mkungu wake, yatafanya kazi ile ile mlangoni, na sikukuu ikiisha mbuzi watayala.

Pango la Noeli nalo lina asili yake. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliweka hori lenye nyasi kavu, akaleta ng'ombe na punda walio hai, ili watu waone kwa macho umaskini wa mtoto aliyezaliwa Bethlehemu. Mapambo yake yalikuwa ni hayo tu. Mwenye kufanya pango kwa udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu hajapungukiwa na kitu. Udongo huo huondolewa kokoto, hukandwa kwa maji machache hata usishike vidole, kisha hufinyangwa. Miguu ya wanyama iwe mifupi na minene, ama sivyo huvunjika. Sanamu zikaushwe kivulini kwa siku kadhaa. Zikianikwa juani, nje hukauka upesi na ndani mngali na maji, nazo hupasuka. Watoto wakaao karibu na mto Katuma huenda wakafinyanga na kiboko. Wasikatazwe. Injili ya Luka yataja hori, lakini haimtaji ng'ombe wala punda kando yake, na watu wamewaweka hapo kwa karne nyingi bila kulaumiwa.

Lakini kitu ambacho nchi hii yapita nchi nyingi ni nta. Warina asali wa miombo huleta nyumbani masega. Watu hukamua asali, wakafurahi, na masega makavu mara nyingi hutupwa jalalani. Masega hayo ndiyo mishumaa. Hutiwa katika sufuria yenye maji, huchemshwa pole pole hata yayeyuke, kisha huchujwa kwa kitambaa safi. Maji yale yakiachwa yapoe usiku kucha, nta huelea na kuganda juu kama sahani ya manjano, na uchafu hushikamana chini yake, ukakwanguliwa kwa kisu.

Nta iliyosafishwa haiwekwi katika moto peke yake. Huyeyuka kwa joto la digrii 64 hivi, lakini ikizidi kupata joto huweza kuwaka kwa ghafula. Kwa hiyo hutiwa katika kopo refu, na kopo huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Maji yachemkayo hayapiti digrii 100, basi nta haiwezi kupata joto la kuiwasha. Uzi wa pamba uliosokotwa huzamishwa, huinuliwa, huachwa ugande, huzamishwa tena. Mara ya kwanza waonekana kama uzi uliolowa tu, na mtoto asiye na subira huacha hapo. Akiendelea, mara ya ishirini au thelathini ana mshumaa wenye harufu ya asali. Kazi ya moto ifanywe mbele ya mtu mzima. Nao mshumaa usimamishwe juu ya kigae chenye mchanga, mbali na nyasi za pango na paa la majani. Vipande vinavyobaki huyeyushwa tena mwaka ufuatao.

Madukani huuzwa nyuzi za plastiki zing'aazo, na bei yake si kubwa. Hasara yake haionekani dukani. Zikitupwa, upepo huzipeleka malishoni. Ng'ombe na mbuzi huzila, nazo hazisagiki tumboni, hujikusanya hata mnyama akakonda na kufa. Serikali ya Tanzania ilikataza mifuko ya kubebea ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na wafugaji walijua sababu.

Kwa rangi nyekundu upo mkrismasi, mti uliotoka Madagaska, uitwao hivyo kwa kuwa huchanua karibu na Noeli. Maua yake hunyauka upesi. Yachumwe asubuhi ya sikukuu na kutiwa majini mara moja. Tena yatazamwe na maganda ya mwaka jana yaliyoanguka chini, marefu kama upanga. Yaliyokauka vema hulia yakitikiswa, na waimbaji wanaweza kuyatumia mahali pa kayamba. Baada ya nyimbo, ganda hupasuliwa. Mbegu zake ni ngumu sana; zimwagiwe maji ya moto, zilale humo usiku mmoja, zipandwe kesho yake, ili miche ipate mizizi kabla mvua hazijakoma.