Fungu la Mwanafunzi wa Sayansi Katika Mali za Waislamu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya: darasa yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona barazani wala halitajwi juu ya mimbari. Nalo ni hili: nani amlipie kijana wa Kiislamu aliyeitwa chuo kikuu kusoma sayansi, na kwa mali gani?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, hupatikana katika mitaa yetu vijana, wake kwa waume, waliofuzu hesabu, kemia na elimu ya viumbe. Huitwa kusomea utabibu, uhandisi, ufamasia na elimu ya bahari. Kisha huja karatasi ya ada, na furaha ya nyumba ikageuka mashauri. Baba huenda huku, mama huuza kilicho shingoni, na mwisho huwa moja katika mawili: ama kijana achukue mkopo wenye ziada, ama barua yake ya kuitwa ikunjwe iwekwe sandukuni. Twauliza: je, sheria yetu haina mlango wa tatu?

Twasema: unao, tena si mmoja.

Asili ya jambo hili

Kumlisha mtu ili apate kusoma si desturi tuliyoazima kwa watu wengine. Katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) palikuwa na Ahlu Suffa, masikini waliokaa kujifunza, na masahaba wenye nafasi wakiwachukua majumbani mwao kuwapa chakula. Wafasiri wengi wamesema kwamba hao ndio waliokusudiwa katika Suratul Baqara, pale Mwenyezi Mungu alipotutaka tuwape sadaka mafakiri waliozuiliwa katika njia Yake, wasioweza kutembea kutafuta riziki, ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa kuwa hawaombi. Tazama sifa hizi, kisha mtazame mwanafunzi anayetoka bwenini amevaa shati safi, naye hana cha kula mchana.

Hata katika elimu za hesabu na nyota wazee wetu walikuwa na mwendo huu. Musa bin Shakir alipokufa aliacha wana watatu, Muhammad, Ahmad na Hasan. Khalifa Al-Maamun, aliyetawala mwaka 813 hadi 833, akawaweka mayatima hao chini ya ulinzi wake, wakasomeshwa Baghdad katika Baytul Hikma. Wakawa mabingwa wa jiometria na wa kuunda vyombo, na kitabu chao cha hiyal kimeeleza vyombo mia hivi vyendavyo kwa nguvu za maji na hewa. Lakini lenye mafunzo zaidi ni walilolifanya baada ya kupata. Ibn al-Nadim ametaja kuwa walikuwa wakitoa kama dinari 500 kwa mwezi kuwalipa wafasiri wa vitabu vya elimu, na miongoni mwao ni Hunayn bin Is-haq, naye alikuwa Mnasara, na Thabit bin Qurra, ambaye Muhammad bin Musa alimkuta Harran akivunja sarafu, akaiona akili yake, akamchukua Baghdad akamkalisha nyumbani kwake. Basi yatima aliyesomeshwa naye alisomesha.

Wala si mambo ya kale tu. Ahmed Zewail wa Misri, aliyepewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999, alipokuwa angali mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Alexandria alipewa posho ya pauni 13 hivi kwa mwezi kwa sababu ya alama zake nzuri, na wakati huo aliyekwisha hitimu alikuwa akipata mshahara wa pauni 17 hivi. Hiyo ndiyo maana ya msaada wa kweli: ni kumwondolea kijana fikira ya tumbo ili akili yake ibakie kitabuni.

Shubuha mbili

Huenda mtu akasema: mali za Waislamu zisomeshe dini tu, sayansi ina wenyewe. Jawabu lake ni kwamba Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameihesabu elimu ya tiba na ya hesabu katika fardhi za kifaya, akalalamika kwamba watu hujazana katika elimu ya hukumu, na huku miji mingi haina tabibu Mwislamu. Na fardhi ya kifaya wasipoisimamisha wa kutosha, dhambi ni ya wote. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alitumia kalamu yake kuwaamsha Waislamu wa pwani wasibaki nyuma katika elimu.

Wa pili atasema: serikali ina mikopo, kwa nini tujitaabishe? Twasema: Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, imewasaidia Wakenya wengi, na hilo hatulikanushi. Lakini mkopo wake hutozwa ziada ya asilimia 4 kwa mwaka, na ziada iliyoshurutishwa katika karadha ni riba, ikiwa ni 4 au ikiwa ni 40. Wapo wanavyuoni wa zama hizi walioangalia dharura, na wapo waliokataa kabisa. Nasi hatukuandika darasa hii ili kumhukumu kijana aliyekwisha tia sahihi. Twataka kuwauliza waliomwacha afike hapo. Kumwambia mtoto wa masikini "hii ni haramu", kisha tukafunga milango yetu tukalala, hiyo si nasaha. Mwenye kuonya juu ya haramu na aonyeshe halali ilipo.

Na Qurani yenyewe imetufundisha mwendo huo. Katika Suratul Baqara, kabla ya aya za riba zimetangulia aya nyingi za sadaka. Na baada yake imekuja aya ya kumpa muhula mdaiwa aliye na dhiki, kisha aya ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Basi riba imekatazwa baina ya sadaka na karadha njema. Mji usiokuwa na hivi viwili ndio riba hupata nafasi ya kuingia.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni zaka. Hii ni haki ya mafakiri na masikini, na mwanafunzi asiyekuwa na cha kumtosha, wala mzazi wa kumtosheleza, ni mmoja wao. Imamu Nawawi katika Majmuu ameeleza kwamba hata mwenye uwezo wa kuchuma, akiwa ameshughulika na elimu ya sheria kiasi ambacho kuchuma kutamkatisha, basi zaka ni halali kwake. Yeye amesema elimu ya sheria, nasi hatumzidishii neno. Lakini kijana fakiri wa utabibu, anayesoma tangu asubuhi hata usiku, ufakiri wake mwenyewe watosha kumstahikisha. Na izingatiwe: zaka hupewa mwenye haki ikawa mali yake. Haikopeshwi, wala haifanywi zawadi ya kumtuza mtoto wa tajiri aliyeshika nambari ya kwanza.

Mlango wa pili ni karadha njema. Huu ni wa yule ambaye si fakiri, lakini ada imemzidi mzazi wake. Tuseme nyumba 100 za mtaa mmoja zimetoa shilingi 500 kila mwezi. Hizo ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na 600,000 kwa mwaka. Vijana 10 wakikopeshwa 60,000 kila mmoja kwa mwaka, fedha zimetimia. Aliyesoma miaka minne atadaiwa 240,000. Akipata kazi na kurudisha 5,000 kwa mwezi, baada ya miezi 48 amemaliza, bila ya senti moja ya ziada, na fedha zile zile zimemwinua mwenziwe. Mkataba uandikwe, mashahidi wawekwe, na asiyepata kazi apewe muhula. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ilianzisha mwaka 1983 msaada wa masomo kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake, nasi Kenya tumo katika hizo. Uliwekwa juu ya msingi huu huu: kwa mwanafunzi ni karadha isiyo na riba, na anachorudisha hubaki kwa jamii yake kisomeshe wengine. Basi njia hii imekwisha jaribiwa.

Mlango wa tatu ni wakfu na hiba. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, wakfu huwa katika kitu ambacho dhati yake hubaki na manufaa yake hutumika, kama nyumba, duka au shamba. Kodi ya duka moja lililowekwa wakfu kwa wanafunzi yaweza kufanya ambalo zaka haliwezi: kutoa tuzo kwa aliyetangulia wenziwe katika fizikia, na kumgharimia mwanafunzi utafiti wake. Hili la utafiti wengi hawalijui. Mwanafunzi wa sayansi afikapo mwaka wa mwisho hutakiwa achunguze jambo kwa mikono yake. Akitaka kupima chumvi iingiayo visimani mwetu, au kuhesabu mikoko iliyokatwa na samaki waliohama, ahitaji chupa, dawa za maabara na nauli ya mashua. Akikosa, huchagua jambo la karatasi tu, nasi tumekosa kujua hali ya maji tunayokunywa. Pwani yetu ina Chuo Kikuu cha Pwani Kilifi, ina watafiti wa malaria pale pale Kilifi tangu mwaka 1989, na ina taasisi ya uchunguzi wa bahari Mombasa. Pa kujifunzia hapakukosekana.

Mfano ulio mbele ya macho yetu

Wanaopita Tudor huona majengo ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Asili yake ni Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyosimamishwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, na Aga Khan, na jamaa ya Mabohora, pamoja na serikali ya wakati huo. Ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951 ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wajifunze ufundi na uhandisi. Leo ni chuo cha taifa chenye wanafunzi wa kila dini, na hilo ni kheri. Lakini jengo lililoinuliwa kwa jina la watoto wetu, watoto wetu wakapita nje yake kwa kukosa ada, hilo ni jambo la kutuhuzunisha.

Kwa hiyo twausia mambo manne. Kwanza, kila msikiti uwe na watu watatu waaminifu wa kushika daftari la wanafunzi, na hesabu isomwe hadharani kila mwaka. Pili, wanafunzi waelezwe mapema misaada iliyopo, na vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vitayarishwe kabla ya siku kwisha, kwani wengi hawakunyimwa, walichelewa. Tatu, mwenye kutoa zaka atenge sehemu kwa mwanafunzi fakiri aliye jirani yake. Nne, mwenye maduka kumi awaze kuliacha moja wakfu, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ametujulisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika ila sadaka yenye kuendelea, na elimu yenye kunufaisha, na mwana mwema anayemwombea. Anayemsomesha yatima kwa wakfu huenda akayapata yote matatu kwa duka moja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitakase mali zetu, awafungulie vijana wetu, na atulinde na riba na sababu zake. Wabillahi tawfiq.