Somo: Kioo Kidogo, Kazi Kubwa



Mhasibu wa usharika anayefanya hesabu kwa simu huona safu chache tu za daftari kwa wakati mmoja. Kosa hujificha kwa urahisi. Ipo miwani inayopanua nafasi hiyo: kurasa kubwa huonekana zikielea mbele ya macho, huku mtu akiendelea kuiona meza yake. Mwaka 2020 kampuni ya Nreal ya China ilianza kuuza miwani hiyo Korea Kusini. Huunganishwa na simu kwa waya, na hutumia umeme wa simu hiyohiyo.

Hapa ndipo penye somo. Pasipo na umeme wa uhakika, betri huisha kabla ya hesabu. Baadhi ya simu huunganishwa na televisheni. Tuanze na kilichopo, ndipo tuombe fedha.