Slowdown, Recession, Slump au Glut? Lijue Neno Kabla Hujang'oa Zao

Leo tunaweka pembeni mbolea na viuatilifu, tujifunze maneno. Usicheke. Ukilima parachichi, kahawa au mboga za kuuza nje, barua pepe ya mnunuzi inakuja kwa Kiingereza, na taarifa za soko hivyo hivyo. Humo kuna maneno mengi ya uchumi kushuka, na wengi wetu tunayatafsiri yote kwa neno moja tu: "hali mbaya". Hasara inaanzia hapo, maana kila neno lina jambo lake, na kila jambo lina dawa yake shambani.

Ukikutana na neno, jiulize kwanza: kilichoshuka ni nini? Ni mwendo wa uchumi, ni uchumi wenyewe, au ni bei ya zao lako tu?

1. Slowdown
Uchumi umepunguza mwendo, lakini bado unakwenda mbele. Fikiria bodaboda inayopanda mlima na gunia la viazi: inavuta polepole, ila inapanda. Nchi iliyokuwa ikikua kwa asilimia 6 ikikua kwa asilimia 4, hiyo ni slowdown. Mnunuzi bado ananunua, ila hana haraka ya kuongeza oda. Usikimbilie kupanua shamba kwa mkopo, lakini pia huna sababu ya kuacha kulima.

2. Downturn
Hili ni neno la jumla, kama "homa". Linakwambia mgonjwa yupo, halikwambii anaumwa nini. Ukiliona, soma mbele au muulize mnunuzi.

3. Recession
Huu ndio mdororo wa uchumi. Hapa bodaboda inarudi nyuma. Magazeti mengi hutumia kipimo hiki: uzalishaji wa nchi ukipungua robo mwaka mbili mfululizo. Marekani wanaoamua ni kamati ya wachumi wa taasisi ya NBER, nao hutazama ajira, kipato na uzalishaji kwa pamoja. Kwa hesabu yao, mdororo mmoja ulianza Desemba 2007 ukaisha Juni 2009. Ule wa Korona ulidumu miezi miwili tu, Februari hadi Aprili 2020.

Ule wa kwanza Watanzania tuliuita "mtikisiko wa uchumi", na ulifika mpaka kwenye pamba yetu. Bei ya dunia ilianguka, wanunuzi wakapata hasara. Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa takriban shilingi trilioni 1.7, na wanunuzi wa pamba walikuwamo kwenye fidia. Kwa hiyo usiseme mambo ya Ulaya na Marekani hayakuhusu.

4. Depression
Ni mdororo mkubwa zaidi na wa muda mrefu. Hauna kipimo rasmi. Ukisoma "the Great Depression", ni ule ulioanza 1929. Kufikia 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Brazil iliteketeza mamilioni ya magunia ya kahawa ili kuinua bei. Angalia tu: neno hili hili likitoka kwa daktari, maana yake ni sonona.

5. Slump na glut
Slump ni kuporomoka sana, mara nyingi kwa bei au mauzo. Glut ni mzigo kujaa sokoni kupita mahitaji. Nyanya zikijaa sokoni mpaka tenga linauzwa bei ya kutupa, hiyo ni glut. Haya mawili yanaweza kukupata hata kama uchumi wa dunia hauna shida.

Tujifunze kwa kahawa
Mwaka 2001 na 2002 bei ya kahawa duniani, kwa wastani, ilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa pauni. Je, watu waliacha kunywa kahawa? Hapana. Vietnam ilikuwa imeongeza uzalishaji kwa kasi, na Brazil nayo ikaongeza. Ilikuwa glut, ikaleta slump. Kilimanjaro baadhi ya wakulima waling'oa mibuni, wakapanda migomba na mboga. Mwaka 2011 bei ya arabika ikapita dola 3 kwa pauni, na mbuni mpya unahitaji kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa.

Sisemi waliong'oa walikosea. Ada ya watoto haisubiri bei. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa miaka mingi usiufanye kwa neno ulilolisoma nusu. Kwenye recession mnunuzi wako amepungukiwa pesa: punguza gharama, linda akiba, usitegemee mnunuzi mmoja. Kwenye glut wauzaji ndio mmezidi: usiongeze eneo, pandisha ubora, tafuta soko jingine, changanya mazao. Kungoja tu hakusaidii kama jirani zako wote bado wanapanda.

Zoezi
Mnunuzi amekuandikia: "Demand is soft because of the slowdown, but we expect prices to bottom out in March."

"Soft" hapa si laini, mahitaji yamelegea. "Slowdown" umeshaijua. "Bottom out" ni bei kufika chini kabisa na kuacha kushuka. Wengi hujikwaa hapo: hajasema bei itapanda Machi, amesema anatarajia itaacha kushuka. Ukiweka mzigo stoo ukidhani Machi utauza kwa bei nzuri, umejidanganya mwenyewe. Mjibu, umuulize: oda yangu ni kilo ngapi, na bei ya chini kabisa ni ipi?

Chukua taarifa ya soko ya zao lako, pigia mstari maneno haya, na mbele ya kila moja andika kilichoshuka. Ukikwama, mfuate afisa ugani wa kata yako kabla hujashika jembe la kung'olea.