Kungfu: Elewa jina la mtindo kabla ya kujiunga

Wengi wetu tuliijua kungfu kupitia filamu za Bruce Lee. Siku hizi watu wa mjini huiendea kwa sababu nyingine: kupunguza unene, kushusha shinikizo la damu, au kumfunza mtoto nidhamu. Taabu ni kwamba majina ya mitindo yake ni mengi, na mtu huchagua lile linalomvutia sikio. Makala haya yananuia kukufunza kuyasoma majina hayo, ili ujue mtindo unaoufaa mwili wako na ule unaoweza kukuumiza.

Maneno ya kuanzia

Wachina huiita sanaa hii wushu. Wu ni mambo ya vita, na shu ni ufundi. Kungfu, au gongfu kama wanavyotamka wao, asili yake si jina la mapigano. Ni ustadi unaopatikana kwa bidii na muda mrefu. Hata mpishi hodari ana gongfu yake.

Neno quan ni ngumi. Ukilikuta mwishoni mwa jina, kama vile taijiquan (ambayo wengi huiita taichi), jua kwamba huo ni mtindo wa ngumi. Zhang ni kiganja, kwa hivyo baguazhang ni mtindo utumiao viganja zaidi.

Majina yanatoka wapi?

1. Mahali. Shaolin ni hekalu la Wabudha lililojengwa mwaka wa 495 katika mkoa wa Henan. Wudang na Emei ni milima.

2. Ukoo au mwalimu. Taijiquan ina matawi ya Chen, Yang, Wu na Sun, na yote hayo ni majina ya koo. Hung Gar maana yake ni ukoo wa Hung. Choy Li Fut ilianzishwa na Chan Heung mwaka wa 1836, naye aliwakumbuka walimu wake Choy na Li, kisha akaongeza Fut, yaani Budha.

3. Wanyama. Kuna mtindo wa vunjajungu, wa korongo mweupe, wa simbamarara na wa nyoka. Mwanafunzi huiga jinsi mnyama huyo anavyokwenda au anavyoshambulia.

4. Fikra. Taiji ni neno la falsafa ya Kichina, lenye maana ya kilele kikuu. Bagua ni alama nane za kale za kufasiri ulimwengu. Xingyi ni umbo na nia.

5. Hadithi. Wing Chun, mtindo aliofundishwa Bruce Lee na Ip Man huko Hong Kong, husimuliwa kuwa ulipewa jina la msichana aliyeutumia kujitetea.

Makundi makubwa

Kuna njia mbili zilizo maarufu za kuigawa mitindo hii. Ya kwanza ni kaskazini na kusini, na mpaka ni mto Yangtze. Wachina husema ngumi ni za kusini na mateke ni ya kaskazini. Kaskazini mtaruka na kurusha miguu juu. Kusini mtasimama chini, magoti yamekunjwa imara, na mikono ifanye kazi karibu na mwili.

Njia ya pili ni mitindo ya nje na ya ndani. Tofauti hii iliandikwa na mwanachuoni Huang Zongxi mwaka wa 1669. Mitindo ya nje huanza kwa nguvu na kasi. Ya ndani huanza kwa kulegeza mwili, kutuliza akili na kupumua taratibu. Taijiquan, xingyiquan na baguazhang ndizo huhesabiwa kuwa za ndani. Chuo cha sanaa hizi kilichofunguliwa Nanjing mwaka wa 1928 kiligawanywa vivyo hivyo: idara ya Shaolin kwa mitindo ya nje, na ya Wudang kwa ile ya ndani.

Hata hivyo, mpaka huo si ukuta. Taijiquan ya Chen, ijapokuwa ni ya ndani, ina ngumi za ghafla na kukanyaga chini kwa kishindo.

Neno la daktari

Hapa ndipo jina laweza kumponza mtu. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyeacha tembe za presha kwa kuwa aliamini mtindo wa "ndani" hutibu viungo vya ndani ya mwili. La hasha! Neno hilo laeleza namna ya kutumia nguvu, wala si ini au figo. Mazoezi husaidia dawa. Usiache wala usipunguze dawa bila kuonana na daktari wako.

Faida zipo, nazo zimepimwa. Utafiti uliofanywa Atlanta, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 1996, ulionyesha kuwa wazee wa miaka 70 na zaidi waliojifunza taijiquan walipunguza hatari ya kuanguka mara kwa mara kwa karibu nusu. Mwaka wa 2016 watafiti wa Boston walipata kuwa wagonjwa wa yabisi ya magoti walionufaika na taijiquan ya Yang walikaribiana na waliopewa mazoezi ya viungo ya hospitali.

Basi, ukiwa na umri mkubwa au magoti mabovu, anza na taijiquan ya Yang, hasa ile fupi ya hatua 24 iliyotungwa China mwaka wa 1956, na usimame juu zaidi badala ya kuchuchumaa. Mitindo ya kusini hukalisha magoti yakiwa yamekunjwa kwa muda. Yule ambaye goti lake huvimba aiogope. Mateke na miruko ya kaskazini yawafaa vijana wenye viungo vyepesi.

Kabla ya kulipa ada, muulize mwalimu maswali haya:

- Huu ni mtindo gani, na ni wa tawi gani?
- Tutaruka au kuchuchumaa kwa kiasi gani?
- Je, tutapigana? Mashindano ya sanda huruhusu ngumi na mateke ya kichwa. Kwa mtoto, heri taolu, yaani hatua zilizopangwa ambazo hufanywa bila kumpiga mtu.
- Tutaanza kwa kupasha mwili moto?

Kama una ugonjwa wa moyo, presha au mimba, pimwa kwanza. Ukiwa mazoezini usizuie pumzi, kwani kufanya hivyo hupandisha presha ghafla. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha mara moja na utafute matibabu.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jina likikupendeza, bado uliza kilichomo. Tukutane juma lijalo.