Aina za Maneno na Michezo ya Sikukuu

Mwanachuo apelekwaye Pemba kwa mazoezi ya kufundisha mara tu baada ya Idi el Fitri hukuta darasa ambalo akili yake ingali viwanjani. Watoto wa Chake Chake bado wanasimuliana habari za Tibirinzi. Wengi wetu hujaribu kuzifuta habari hizo kwa kuandika ubaoni maana ya nomino na kuwaamrisha watoto wainakili. Sisi twaona ni heri sikukuu yenyewe iingizwe darasani, hasa katika Darasa la Tatu.

Vifaa ni mapakacha manne ya makuti na vipande vya maboksi makuukuu. Pakacha moja ni la nomino, la pili la vitenzi, la tatu la vivumishi na la nne la vielezi. Aina nyinginezo zisubiri. Juu ya vipande yaandikwe maneno kama visheti, kofia, vaa, onja, jana, upesi. Kila mtoto huokota kipande, hukisoma kwa sauti, kisha hukitia katika pakacha analoliona kuwa ndilo.

Kivumishi kiandikwe bila kiambishi: -pya. Mwenye kipande hicho humwendea mwenye viatu, na darasa likasema "viatu vipya". Humwendea mwenye gauni, likasema "gauni jipya". Kwa kofia, "kofia mpya". Hapana haja ya kuhubiri habari za ngeli. Masikio ya watoto yalizijua kabla hawajaja shuleni.

Kisha litolewe neno bembea. Mmoja atalitia katika nomino, mwenzake atalitoa alipeleke kwa vitenzi. Mwalimu asikimbilie kuamua, bali amtake kila mmoja atunge sentensi. "Bembea imekatika kamba." "Bembea polepole, utaanguka." Wote wawili wamepata, maana aina ya neno hujulikana kwa kazi yake katika sentensi. Hapo ndipo mahali pa kuleta neno vizuri: "visheti vizuri" ni kivumishi, "amevaa vizuri" ni kielezi. Mabishano haya yapewe nafasi, hata yakimaliza nusu ya kipindi.

Mtoto akisoma mkate akatamka "nkate", asichekwe. Lahaja ya mjini Unguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, lakini uchaguzi huo haukuigeuza lahaja ya Pemba kuwa kosa. Neno hilo ni nomino kwa matamshi yote mawili. Tamko sanifu lina kipindi chake.

Liko jambo moja tunalolihofia zaidi. Mwenzetu mmoja aliwahi kuwasimamisha watoto mmoja mmoja waseme walichonunuliwa kwa sikukuu. Watano walisema kwa furaha. Wa sita aliinamisha kichwa, na somo likafa papo hapo. Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka, na nyumba nyingi huvaa kwa kadiri ya mavuno. Kwa hiyo tusiulize kamwe "wewe umepata nini?" Tutumie vitu vya wote: mwezi, uwanja, bembea. Kwa upande wa nguo, ashonwe mwanasesere wa vitambaa, na darasa zima limvike: mmoja ataje vazi, wa pili alisifu, wa tatu aseme mwanasesere anafanya nini, wa nne aseme anafanyaje. Sentensi ikikamilika iandikwe ubaoni, na mwanasesere apewe mtoto mwingine amshike.