Frigo haipoze tena: tuangalie nini mbele ya kulipa fundi?

Ndugu wanachama, katika koperative nyingi frigo inatunza chanjo ya kuku ya Newcastle. Chanjo hiyo inaomba baridi ya digri 2 mpaka 8. Ikipata joto inakufa, na tutachanja kuku bure. Ugonjwa ukifika, banda lote linaweza kwisha.

Namna frigo inafanya kazi

Moteri inakandamiza gazi ndani ya tuyo zilizofungwa. Gazi inapata moto, tuyo za nyuma zinatupa moto huo inje, na gazi inageuka maji. Maji yanapita katika tuyo nyembamba sana, yanaingia upande wa ndani, yanageuka gazi tena na kuvuta joto. Gazi ile ile inazunguka miaka mingi. Haiishe kama petroli. Ikipunguka, kuna tundu.

Angalieni kwanza

1. Taa ya ndani haiwake: angalieni prizi na umeme.
2. Taa inawaka lakini moteri iko kimya, ao inapiga "tak" kila dakika chache: mara nyingi umeme ni dhaifu, ao kifaa cha kuanzisha moteri kimeharibika. Chomoeni frigo mpaka umeme utulie. Musikubali kununua gazi.
3. Moteri inazunguka, nyuma kuna moto, na ndani barafu imejaa: kaucho ya mlango haifunge vizuri. Fungieni karatasi ku mlango. Ikivutika bila nguvu, hewa inaingia hapo.
4. Moteri haipumzike, nyuma ni vuguvugu tu, na barafu inashika sehemu ndogo: gazi imetoka, ao tuyo imeziba, ao moteri imechoka. Alama ya mafuta ku tuyo inaonyesha tundu. Hapa muite fundi.

Fundi akikuja

Akisema "naongeza gazi tu", mumuulize: tundu iko wapi? Bila kuifunga, gazi mpya itatoka pia, na feza ya koperative pamoja nayo. Fundi mzuri anajaza azote na kutafuta tundu kwa maji ya sabuni. Asitumie oksijeni hata kidogo: ikikutana na mafuta ya moteri inaweza kulipuka. Kisha anaunga tundu, anabadilisha filtre, anavuta hewa yote kwa pompe, na anapima gazi kwa mizani, gramu zile zilizoandikwa ku frigo.

Kama imeandikwa R600a, gazi hiyo inashika moto. Kazi ifanyike mahali penye hewa, bila sigara, na moto wa kuunganisha usiguse tuyo yenye gazi.

Tufanye leo

Tusitoe barafu kwa kisu. Kisu kinatoboa tuyo za ndani. Chomoeni frigo, fungueni mlango, barafu itayeyuka yenyewe. Chanjo zikae kwanza katika kisanduku chenye barafu, lakini zisiguse barafu.

Wekeni kipima-joto ndani ya frigo na daftari kando yake. Mutu mmoja aandike digri asubuhi na jioni. Ikipita 8, muhamishe chanjo mara moja, na mumuulize muganga wa nyama mbele ya kuzitumia. Daftari hilo litawaambia frigo inagonjwa siku nyingi mbele kuku hawajaanza kufa.