Faida Daftarini, Sanduku Tupu: Vikundi na Mtaji wa Kuzungusha

Kikundi cha biashara hakifi kwa hasara peke yake. Vipo vinavyokwama vikiwa na faida daftarini na oda tele, kwa kuwa fedha zi mikononi mwa wadaiwa. Hatari hiyo huzidi biashara inapokua.

Chukuliwe mfano wa kikundi cha ushonaji wa sare za shule chenye shilingi 900,000 taslimu. Kila sare hugharimu shilingi 18,000 kwa kitambaa, uzi na ujira wa fundi, nayo huuzwa 25,000. Shule binafsi yaagiza sare 40 na kuahidi kulipa baada ya siku 60. Gharama ni 720,000. Faida itakayoandikwa ni 280,000. Kabla malipo hayajafika, shule ya pili yaagiza sare 80. Ni habari njema, ila kazi hiyo yahitaji 1,440,000, na sandukuni zimebaki 180,000.

Hapo wengi hukimbilia kukopa kitambaa dukani. Iwapo duka lataka kulipwa ndani ya siku 30 na shule italipa baada ya 60, pengo halikuzibwa. Limesogezwa mbele tu. Lililo bora ni kuelewana na mteja kabla ya kukata kitambaa: atangulize nusu ya bei, yaani 1,000,000, na salio alilipe kwa kila fungu analokabidhiwa. Kwa 1,180,000 kikundi kitashona sare 60 bila kukopa. Zikikabidhiwa, nusu iliyosalia ya bei yake, 750,000, yatosha na kuzidi kushona 20 za mwisho. Wapo viongozi wa vikundi wanaoona haya kudai malipo ya awali. Haya hiyo huwagharimu sana.

Mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) haina riba, lakini marejesho yake yana tarehe. Kikundi kinachomaliza mkopo wote kwa cherehani hubaki na mashine zisizo na kitambaa. Andiko la mradi litenge fungu la mtaji wa kuzungusha, na liambatane na jedwali la miezi sita linaloonyesha, wiki kwa wiki, fedha zitakazoingia na zitakazotoka. Wiki ambayo salio lashuka chini ya sifuri ndiyo ya kujadiliwa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kabla ya maombi kuwasilishwa.